Uso wa Mshika Radi

Jumatatu, 3 Machi

Mimi ni mke wa mtu! Nimeanza na sentensi hiyo ili nione inavyokaa kwenye karatasi, na inakaa vizuri sana. Daftari hili alinipa mdogo wangu siku ya harusi. Aliniambia, "Dada, andika humo raha zako zote, ili siku ukinuna uzisome." Ndoa yetu ina siku kumi na sita na sijanuna hata mara moja.

Mvua imeanza leo. Chumba chetu kina dirisha moja tu, na mume wangu amesogeza meza ili tunywe chai tukiitazama. Mume wangu! Naweza kuyaandika maneno hayo ukurasa mzima.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Amemwaga chai kwenye shuka jipya, tumecheka mpaka nikachelewa kazini.

Jumamosi, 8 Machi

Mume wangu amepata! Mume wangu ndiye Mshika Radi!

Ngoja niandike taratibu, nikizeeka nisisahau hata chembe. *Mshika Radi* ndicho kitabu ninachokipenda kuliko vyote tangu nikiwa kidato cha pili. Ni hadithi ya ufalme ulio juu ya mawingu, na ya kijana anayechunga mvua, ambaye anadaka radi kwa mkono mtupu ili isiwaue watu wa chini. Mjini hapa, asiyekisoma amesimuliwa. Sasa kinatengenezwa kuwa tamthilia ya runinga, sehemu kumi na mbili, na waigizaji walikuwa wakisailiwa tangu mwezi uliopita.

Mume wangu ni mwalimu wa udereva, na siku za mapumziko huigiza kwenye ukumbi wa mtaa. Alikwenda kwenye usaili na shati lake la kazini, lenye maandishi ya chuo cha udereva mgongoni. Walimpa asome pale Mshika Radi anapomuaga mama yake. Mwongozaji, mama mmoja mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alivua miwani akafuta macho.

Leo jibu limekuja. Amelileta na gari la mafunzo, mwanafunzi wake akiwa bado kwenye usukani, honi kutoka kona ya mtaa mpaka mlangoni. Gari limezimika mara mbili. "Achia klachi polepole, dada yangu," nikamsikia akisema, "leo hata ukigonga ukuta nimekusamehe!" Kisha akatoka kwenye mvua akanibeba mbele ya majirani wote. Nilikuwa na sabuni mpaka kwenye viwiko. Nampenda, nampenda, nampenda.

Jumapili, 9 Machi

Leo amenisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Alikisoma *Mshika Radi* akiwa na miaka kumi na moja, na nakala aliyosoma haikuwa na jalada. Ilikuwa imepita mikono mingi, imebanduka mbele na nyuma, imeshonwa kwa uzi wa gunia.

"Kwa hiyo kichwani mwangu Mshika Radi alikuwa na sura yangu," alisema. "Pua hii hii, rangi hii hii. Nani angenikatalia?"

Jalada aliliona mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini, kwenye dirisha la duka la vitabu. "Nilidhani wamekosea picha. Nilisimama pale namsubiri mwenye duka atoke nimwambie."

Alicheka. Mimi nilicheka pia, ila nilichelewa kidogo.

Kuna jambo sijamwambia kuhusu jalada hilo. Nilikuwa naliweka kama zawadi. Nitamwambia kesho.

Jumatatu, 10 Machi

Sijamwambia. Mvua kutwa.

Jumatano, 12 Machi

Picha yake imetoka kwenye magazeti na kwenye simu za watu. Mume wangu ni mweusi, mweusi hasa, weusi ule unaofanya shati jeupe liwe jeupe zaidi. Ana pengo dogo mbele na mabega ya mtu aliyewahi kubeba mizigo. Nilipoiona picha nilitaka kulibusu gazeti.

Wengine hawakutaka. Kufika saa sita maoni yalikuwa maelfu. "Huyu atabeba radi au magunia?" "Watu wa mawinguni ni weupe, wingu ni jeupe, hilo nalo mpaka mtu aende shule?" "Wametuharibia utoto wetu." Na wote, wote kabisa, wanaweka picha mbili pamoja: upande mmoja jalada la kitabu, upande wa pili mume wangu. Chini wanaandika: *Huyu ndiye. Yule siye.*

Mama mkwe alikuja mchana na mwavuli na hasira. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, miwani puani, akawa anasoma maoni kwa sauti na kuyajibu moja baada ya jingine.

"Huyu anasema mwanangu ana pua kama kiatu. Nimwandikie nini?"

"Mama, waache," mume wangu akamwambia.

"Nimwache? Pua hiyo ni ya baba yako! Nimeshamwandikia alete yake tuipime."

Mume wangu alicheka, akaenda dirishani. Nje kulikuwa kumefunga, giza la mvua mchana kweupe. Akasema, "Hivi jamani, wingu jeupe limewahi kumlowesha nani?"

Mama mkwe akapiga kofi gotini. "Rudia polepole, naliandika."

Mimi nilikuwa napanga vikombe. Nilipanga vikombe vitatu kwa muda wa robo saa.

Alhamisi, 13 Machi

Kama siwezi kumwambia yeye, angalau niliambie daftari.

Picha ile ya jalada niliichora mimi.

Nilikuwa kidato cha tatu, mji mwingine, miaka kumi na miwili iliyopita. Wachapishaji walitangaza shindano kwa wanafunzi: mchoreni Mshika Radi, atakayeshinda mchoro wake utakuwa jalada jipya. Mimi na mwenzangu wa dawati tulikuwa na boksi moja la penseli sita za rangi, tunaazimana. Nilianza na vitu vikubwa. Nikapaka mnara, nikapaka farasi, nikapaka mabuti ya askari arobaini, buti moja moja, kwa sababu nilipenda mabuti. Yote kahawia. Nilipofika kwenye uso, penseli ya kahawia ilikuwa imebaki kipande kidogo kuliko ukucha. Haikushikika. Hakukuwa na nyingine, na siku ya mwisho ya kupeleka ilikuwa kesho yake.

Nikauacha uso mtupu. Nikachora macho, pua na mdomo kwa penseli ya kawaida juu ya karatasi nyeupe. Mwalimu wa sanaa, kabla ya kuupeleka, aliandika kwa kalamu nyekundu kwenye ukingo: *Kazi nzuri. Uso haujamalizika. 14/20.* Wachapishaji walikata ukingo.

Nikashinda. Waamuzi waliandika kwamba wamevutiwa na "uso wa nuru" wa Mshika Radi. Uso wa nuru! Nikiwa na miaka kumi na sita, mtu mzima ananisifu gazetini, ningesema nini? Kwamba niliishiwa penseli? Nilinyamaza. Kwenye kitabu wakaandika tu, "Mchoro wa mwanafunzi wa kidato cha tatu." Baada ya miaka miwili mitatu kila mtu alikuwa anajua Mshika Radi ni mweupe kama karatasi. Mimi mwenyewe nilifika mahali nikaamini.

Mwandishi amekwisha fariki, hakuna wa kumuuliza. Nimepitia kitabu kizima tena tangu jana. Urefu wake umeandikwa. Kovu la mkononi limeandikwa. Rangi yake haimo.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Amenunua maua ya manjano, kayaweka kwenye kopo la brashi zangu. Sistahili.

Jumatatu, 24 Machi

Leo kazini nimepata mgeni.

Nafanya kazi kwenye karakana ya mabango. Mimi ndiye ninayeandika majina ya maduka, nachora mikate, viatu, vichwa vya watu kwa vinyozi. Bosi wangu ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kipaza sauti, na husema mimi ndiye mkono wake wa kulia, kwa sababu wa kwake umeshavimba kwa baridi yabisi. Nilikuwa nachanganya rangi nyuma nikasikia mtu anaagiza bango la kitambaa, mita tatu kwa nne. Bosi akaniita. Nikatoka. Alikuwa Dada Mkutubi.

Ndivyo tunavyomwita. Anasimamia maktaba, na ndiye mwenyekiti wa chama cha wasomaji wa *Mshika Radi*, ambacho nami ni mwanachama tangu nilipohamia hapa. Harusini alinishikia shela. Alikuwa amekumbatia kitabu chake, jalada limeng'aa kwa kupapaswa.

"Mdogo wangu," alisema, akainamisha macho. "Nilijua bosi wako ndiye anayechora."

"Sasa hivi nachora mimi, dada."

"Basi nitatafuta kwingine."

"Kuna nini?"

Akakiweka kitabu mezani. Alitaka jalada lile lile, kubwa, bila kubadilisha hata nukta. Litatundikwa ukumbi wa maktaba Jumamosi ya tarehe kumi na tisa Aprili, kwenye mkutano wa wasomaji na watengenezaji wa tamthilia. Watengenezaji wameogopa kelele, wanataka kusikiliza wasomaji kabla ya kuamua kama mume wangu abaki au abadilishwe.

"Shemeji simchukii," alisema. "Naapa. Ni mtu mzuri na sauti anayo. Lakini ule mwaka niliougua, nilikaa kitandani miezi kumi na moja, kitabu hiki nilikiegemeza kwenye glasi ya maji. Nikiamka uso huu, nikilala uso huu. Watu walichoka kuja kuniona. Huyu hakuchoka. Sasa waniambie ni mtu mwingine? Hapana. Sikubali."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Wiki mbili nzima nilikuwa nawachukia wote kwa pamoja, kama kitu kimoja kisicho na macho. Nikamtazama, macho yamemjaa, nikashindwa.

"Nitalichora," nikasema.

Bosi alisubiri aondoke. "Wewe! Unamchorea adui wa mumeo bango?"

"Si adui, bosi. Ni mteja."

"Haya. Mimi ningemchorea masharubu."

Jumatano, 2 Aprili

Mvua haikati. Mwanafunzi wa udereva amekataa kufundishwa na mume wangu. Mama yake amesema hataki mtoto wake aonekane na "yule wa kwenye simu". Na ukutani pa chuo mtu ameandika kwa mkaa, *Rudi chini.*

Amerudi nyumbani mapema, viatu vimejaa maji, akakaa bila kuvivua.

"Nitampigia mwongozaji nimwambie amtafute mwingine," alisema. "Nilitaka kitu kimoja tu, mtoto asomaye nakala isiyo na jalada aone hakukosea. Lakini nawe wanakutukana sasa. Mama haishi kulia chooni akidhani simsikii. Basi."

Nikapiga magoti nikamvua viatu. Nikamwambia, "Hupigi simu."

"Mke wangu..."

"Hupigi. Nipe siku tatu."

Sijawahi kuongea naye hivyo. Alinitazama kama ninavyowaona wanafunzi wake wakimtazama akikanyaga breki za upande wake. Simu akaiweka mezani.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimemwambia.

Nilivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, lile nililokuja nalo siku ya harusi. Chini ya vyeti, ndani ya bahasha, mchoro wenyewe upo. Wachapishaji waliurudisha baada ya kuchapa, pamoja na ule ukingo waliokuwa wameukata, na mimi nilikuwa nimeugundisha tena kwa gundi ya karatasi. Sijui kwa nini niliugundisha. Labda nilijua siku moja nitahitaji kusahihishwa.

Nilimwekea mapajani nikarudi nyuma mpaka ukutani.

Alitazama. Akasoma maandishi mekundu. Akapapasa uso kwa kidole, akageuza kidole kutazama kama kimeshika rangi. Hakikushika kitu.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Siku ile nakusimulia habari ya dirisha la duka. Ulikuwa umekaa hapo hapo."

"Nilitaka kukuambia kesho yake."

"Kesho ngapi zimepita?"

Nilizihesabu kichwani. Badala ya kuzitaja, nikamweleza penseli ya kahawia ilivyoishia kwenye mabuti ya askari arobaini.

"Kwa hiyo mwezi mzima," alisema polepole, "nashindana na penseli iliyoisha. Na mwenye penseli ananipikia chai."

Aliinuka, akavaa koti, akatoka kwenye mvua. Mchoro aliuacha kitandani kwa uangalifu, umetazama juu.

Jumapili, 6 Aprili

Hajasema neno. Maua ya manjano yamenyauka na hakuna aliyeyatoa. Nimesoma kurasa za mwanzo za daftari hili kama mdogo wangu alivyoniagiza. Hazisaidii.

Jumatatu, 7 Aprili

Amesema! Asubuhi, nikifunga kilemba cha kazini, sauti yake nyuma yangu: "Mabuti arobaini?"

Nikageuka. Alikuwa ameshika mchoro karibu na dirisha.

"Nimehesabu. Ni themanini. Askari arobaini, mabuti themanini. Ulimaliza rangi ya uso wangu kwenye mabuti ya watu wasio na hata jina!"

"Nilipenda mabuti," nikasema, nikaanza kulia.

Akanivuta. Akasema bado ameudhika, na ataendelea kuudhika mpaka Alhamisi, nisimharakishe. Nikamwambia nitasubiri Alhamisi. Kisha nikamwambia nilichokusudia kufanya siku ya mkutano.

"Watakurukia kuliko walivyonirukia mimi," alisema. "Utawanyang'anya kitu."

"Najua."

"Na sifa yako ya uso wa nuru?"

"Nina uso mwingine wa nuru," nikamwambia, nikamshika mashavu. Hakuweza kununa baada ya hapo, ingawa alijaribu.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo Alhamisi. Ameacha kuudhika saa moja na nusu asubuhi, kama alivyoahidi.

Jumatatu, 14 Aprili

Bango linaendelea. Mnara, farasi, mabuti themanini. Mvua inagonga bati na bosi anapiga kelele kuishinda. Nafuata jalada nukta kwa nukta, kama Dada Mkutubi alivyoagiza. Sijaongeza kitu wala kupunguza.

Ijumaa, 18 Aprili

Limekauka. Dada Mkutubi amekuja kulichukua. Alisimama mbele yake, mkono mdomoni. "Ndiye yeye," alisema. "Umeupata uso wenyewe, ile nuru yake. Umewezaje?"

"Nimefanya kama alivyofanya aliyechora mwanzo," nikamjibu.

Nilimwambia pia kwamba kesho nitaomba kusema neno mbele ya watu, na kwamba huenda likamuumiza, na kama hataki nimwambie hapo hapo peke yake. Akaniuliza kama ni la kumtetea mume wangu. Nikasema ni la picha. Alifikiri, akasema, "Kama ni la picha, liseme mbele ya wote wanaoipenda. Mimi si mwenye picha."

Bosi amemshikia mlango, bila kutaja masharubu. Ajabu.

Jumamosi, 19 Aprili

Mikono bado inanuka tapentaini na siwezi kukaa chini, lakini nitaandika.

Ukumbi wa maktaba ulijaa mpaka ngazini. Miavuli iliyolowa imeegemezwa kila ukuta, sakafu maji matupu. Mbele, mezani, alikaa mwongozaji na miwani yake ya uzi, na kando yake mume wangu na shati jeupe nililolipiga pasi mara tatu. Mama mkwe alikaa mstari wa mbele kabisa na mkoba mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa kutoa ushahidi. Bango walilitundika nyuma ya meza, limeziba dirisha kubwa. Kwa sababu ya mvua walikuwa wamewasha taa.

Watu walisema. Mmoja alisema hana ubaguzi ila kitabu kiheshimiwe. Mwingine alisema mbona farasi hajabadilishwa akawa ng'ombe, watu wakacheka, na mume wangu akacheka pia, na nilimwona kidole chake kikikuna meza. Msichana mmoja wa shule alisimama akasema yeye hajali rangi, anajali kama atajua kupanda farasi. Mume wangu akamjibu, "Farasi sijui, lakini nimewahi kufundisha watu wagumu kuliko farasi," ukumbi ukalegea kidogo. Lakini kila aliyesimama alinyoosha mkono kwenye bango. Tazameni wenyewe. Huyu hapa. Kitu gani tena?

Dada Mkutubi akanitaja. Nikajiambia, wewe ni mke wa mtu, tembea.

"Picha hii," nikasema, "niliichora mimi nikiwa kidato cha tatu."

Minong'ono. Mtu nyuma akasema, "Mke wa mtu huyo, lazima aseme chochote!" Mama mkwe akageuka mzima mzima. "Mwache amalize, wewe mwenye koti la bluu!"

Nikaomba kitu kimoja, wazime taa.

Wakazima. Na hapo mwanga wa dirisha ukapita kwenye bango. Mnara ulibaki mweusi, farasi mweusi, mabuti meusi, kila penye rangi pameziba. Ila uso. Uso ulikuwa unawaka. Mwanga wa mvua ulikuwa unapita katikati yake kama hakuna kitu, na nyuma yake tuliona fremu ya dirisha, na matone yakishuka kwenye kioo.

"Hapo hamna rangi," nikasema. "Ni kitambaa kitupu. Na kwenye jalada ni karatasi tupu. Sikumpaka Mshika Radi rangi nyeupe. Sikumpaka rangi yoyote. Niliishiwa penseli ya kahawia kwenye mabuti."

Nikatoa mchoro kwenye bahasha, nikaupitisha kuanzia mstari wa mbele. Waliusoma ukingo kwa zamu, *Uso haujamalizika*, na kila mmoja alipapasa uso kwa kidole kama mume wangu alivyofanya. Kisha mtu akacheka, akaacha. Wawili wakainuka wakatoka, wakachukua miavuli yao kwa kishindo. Mmoja akaniambia mbele ya watu, "Umetudanganya miaka kumi na miwili," nikamjibu ndiyo, na naomba radhi.

Dada Mkutubi alikuwa amefika kwenye bango. Aliweka kiganja chake kwenye uso, na juu ya ule mwanga kiganja kikawa kivuli chenye vidole vitano.

"Kwa hiyo miezi kumi na moja," alisema bila kugeuka, "nilikuwa naangalia karatasi."

Hilo ndilo nililoliogopa. Nilikwenda nikasimama karibu yake. "Hapana, dada. Ulikuwa unamwangalia yeye. Mimi niliacha wazi, wewe ukamwekea uso. Hata mume wangu alimwekea wake."

Alikitoa kiganja kwenye bango, akakitazama. Nje mvua ilikuwa inagonga kioo.

"Bado si yule wangu," alisema.

"Najua."

"Sitasema uongo kwamba ni yeye."

"Usiseme, dada."

Akageuka, akamtazama mume wangu juu mpaka chini. "Shemeji. Ukurasa wa mia mbili na nne. Kitabu hutakihitaji, nadhani."

Hakukihitaji. Alisimama mbele ya ule uso mtupu, taa zimezimwa, akamuaga mama yake kwa maneno ya Mshika Radi. Hakupaza sauti. Mwenye koti la bluu aliinama akafunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Mama mkwe alilia waziwazi, si chooni. Na Dada Mkutubi alikuwa amefumba macho, na midomo yake ilikuwa inayafuata maneno, neno kwa neno, nusu hatua nyuma yake.

Alipomaliza, akafumbua macho. Alisema, "Endelea. Usiishie hapo, hapo ni pabaya pa kuishia."

Jumanne, 22 Aprili

ANABAKI! Mwongozaji amepiga simu mwenyewe. Amesema wenye kampuni bado wananung'unika, lakini amewaambia kama mume wangu anaondoka naye anaondoka na miwani yake. Chama cha wasomaji kimegawanyika. Dada Mkutubi amewaandikia wanachama: bango halitapelekwa popote, na atakayetaka kupinga apinge kwa kitabu, asipinge kwa picha.

Mimi nimetukanwa sana kwenye simu. Mama mkwe ananijibia.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua nyepesi. Mtu amefuta yale maandishi ya mkaa chuoni. Bosi anaapa si yeye, lakini ndoo yake ya chokaa imepungua.

Jumamosi, 10 Mei

Jua! Kesho wanaanza kupiga picha za tamthilia. Kwa hiyo leo ndiyo siku niliyojiwekea.

Asubuhi nimenunua boksi jipya la penseli. Nimemkalisha mume wangu dirishani, penye mwanga, nikaweka mchoro wa kidato cha tatu kwenye ubao wa kukatia mboga. Nilichonga ile ya kahawia, kisha nikaona haitoshi, nikachukua na nyeusi, na bluu kidogo kwa chini ya taya. Karibu miezi mitatu nimemtazama mume wangu kila siku na sikujua kuna bluu pale.

Hakutulia hata dakika. Mara pua inamuwasha, mara anauliza kama pengo linaonekana. Nikamwambia Mshika Radi amefunga mdomo. Akasema basi huyo kweli si yeye.

Saa tatu nzima. Nilipomaliza, nikamgeuzia. Alitazama mpaka nikaanza kuogopa. Kisha akaondoka, akafungua droo ya karatasi zake za kazini, akarudi na kalamu nyekundu, ile anayowasahihishia wanafunzi wa alama za barabarani. Akaukata ule mstari wa mwalimu taratibu, na chini yake akaandika:

*Uso umemalizika. 19/20.*

"Ile moja imekwenda wapi?" nikamuuliza.

"Umechelewa," alisema, na akanibusu na vumbi la penseli usoni.